Umbizo la Nyaraka: Historia ya OpenOffice na Ushindani wa Programu za Ofisi

Kufikia mwaka 1999, Microsoft Office ilikuwa imeenea katika ofisi nyingi duniani kiasi kwamba watumiaji wengi hawakuwahi kuona kifurushi kingine cha kuandikia barua, kukokotoa hesabu katika lahajedwali na kuandaa slaidi za mikutano. Utawala huo ulikuwa bado mchanga. Katika miaka ya 1980 makarani wengi waliandikia kwa WordPerfect na wahasibu walitegemea Lotus 1-2-3, huku Word, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 1983, ikiwa mojawapo tu ya programu nyingi zilizogombea soko hilo. Mambo yaligeuka Windows ilipochukua nafasi ya MS-DOS, kwa sababu kampuni iliyomiliki mfumo endeshi, yaani programu ya msingi inayoiwezesha kompyuta kuendesha programu nyingine zote, ilikuwa tayari na Word na Excel zilizotengenezwa kwa mazingira hayo mapya, ilhali wapinzani wake walichelewa kuhamia huko. WordPerfect iliuzwa kwa Novell mwaka 1994 na kwa Corel mwaka 1996, na Lotus ikanunuliwa na IBM mwaka 1995.

Mpinzani aliyedumu alitoka upande mwingine kabisa. Tangu mwaka 1983, Richard Stallman wa Marekani alikuwa ameanzisha mradi wa GNU kwa msimamo kwamba mtumiaji wa programu ana haki ya kuusoma, kuubadili na kuugawa msimbo chanzo, yaani maagizo ambayo mtaalamu huyaandika kwa lugha ya programu kabla hayajageuzwa kuwa tarakimu zinazotekelezwa na mashine. Programu zinazotolewa kwa masharti hayo huitwa programu huria. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianza kuunda kiini cha Linux, na kabla ya muongo huo kwisha programu huria zilikuwa zimejipatia nafasi imara katika seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine kupitia mtandao. Ushindi huo wa mapema ulikuwa na sababu ambayo mara nyingi husahauliwa. Seva huwasiliana kwa kanuni za intaneti zilizochapishwa hadharani, hivyo aliyetumia programu ya Apache kuendesha tovuti hakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote ili ukurasa wake usomeke kwenye kompyuta ya mwingine. Katika ofisi hali ilikuwa kinyume, kwa kuwa waraka ulioandikwa kwa Word ulihifadhiwa kwa utaratibu ambao maelezo yake kamili yalibaki mikononi mwa kampuni moja.

Programu iliyokuja kushindana na Office ilizaliwa Ujerumani, na ilizaliwa ikiwa ya kibiashara. Mwaka 1985 kijana Marco Börries, akiwa na umri wa miaka 16, alianzisha kampuni ya StarDivision mjini Lüneburg na kuuza StarWriter, programu ya kuandikia iliyokua hadi kuwa kifurushi kamili kilichoitwa StarOffice. Mnamo Agosti 1999 kampuni ya Marekani ya Sun Microsystems iliinunua StarDivision kwa dola milioni 73.5. Ofisa mmoja wa Sun alieleza baadaye kwamba kampuni hiyo, iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 42,000, iliona ni nafuu kununua kampuni nzima yenye programu yake kuliko kulipia leseni za Office kwa wafanyakazi wote hao. Maelezo hayo yana mantiki, lakini hayatoshi, kwa sababu Sun iliuza seva na mfumo endeshi wa Solaris, na kila mteja aliyehitaji Office alilazimika kuwa na Windows mezani. Mwezi Julai 2000 Sun ilitangaza kuwa ingeutoa msimbo chanzo wa StarOffice kwa umma, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo mradi wa OpenOffice.org ukaanza rasmi. Toleo la 1.0 lilipatikana Mei 2002, bila malipo, likiendeshwa juu ya Windows, Linux na Solaris.

Ugumu wa kazi iliyowakabili watengenezaji wa OpenOffice hauwezi kueleweka bila kuangalia umbizo, yaani mpangilio wa ndani ambao programu huutumia kuhifadhi waraka katika faili. Faili ya Word ya miaka ile, iliyotambulika kwa kiambishi cha doc, ilikuwa mfuatano wa tarakimu uliobuniwa ili waraka ufunguke na kuhifadhiwa haraka katika kompyuta zenye kasi na kumbukumbu ndogo, na kila toleo jipya la programu liliongeza tabaka lake juu ya yale yaliyotangulia. Mhandisi wa nje aliyetaka kuisoma faili hiyo alilazimika kuandika waraka mdogo kwa Word, kubadili jambo moja, kuuhifadhi tena, kisha kulinganisha tarakimu za faili mbili ili akisie kila moja ilimaanisha nini. Kwa njia hiyo ya subira OpenOffice iliweza kufungua nyaraka nyingi za Word na Excel kwa usahihi wa kuridhisha. Hata hivyo jedwali lililosogea, nambari ya ukurasa iliyopotea au fomula isiyokokotoa vilitosha kumfanya mkuu wa ofisi aamini kwamba kasoro ilikuwa ya programu huria. Hapo ndipo ilipolala nguvu halisi ya Microsoft Office. Mamilioni ya barua, mikataba na hesabu zilizokwisha kuhifadhiwa zilimfunga mteja kuliko uzuri wowote wa programu yenyewe, na kila mtu mpya aliyetuma faili ya doc kwa barua pepe alimfunga na mpokeaji wake.

Jibu la watetezi wa programu huria lilikuwa kuunda umbizo ambalo lisingemilikiwa na yeyote. Mwishoni mwa mwaka 2002 kamati ilianza kazi chini ya OASIS, jumuiya ya kimataifa ya kuandaa viwango vya teknolojia ya habari, ikichukua umbizo la OpenOffice kuwa msingi, na Mei 2005 kiwango kilichojulikana kama ODF kikapitishwa. Faili ya ODF ni bahasha iliyobanwa yenye faili ndogo ndani yake, ambamo maandishi yamewekwa mahali pamoja na mitindo yake mahali pengine, yote yakiwa yameandikwa kwa XML, lugha ya alama inayosomeka hata kwa jicho la binadamu. Mtu asiye na OpenOffice anaweza kuifungua bahasha hiyo kwa programu ya kawaida ya kufungulia faili zilizobanwa na kuyaona maneno ya waraka. Kwa taasisi inayotunza hati za ardhi, hukumu za mahakama au vyeti vya kuzaliwa, ambavyo vitahitajika miaka mingi baada ya kampuni fulani kufungwa au kubadili biashara, sifa hiyo ina uzito mkubwa kuliko bei.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mapema. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, uliendeshwa mradi ulioitwa Kilinux wa kujanibisha programu huria, yaani kuzifanya zitumike kwa lugha ya wenyeji, na mwishoni mwa mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, kifurushi cha ofisi chenye menyu na maelekezo kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu msimbo chanzo ulikuwa wazi: maneno yote yanayoonekana kwenye skrini yangeweza kutolewa, kutafsiriwa na kurudishwa bila kuomba kibali wala kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama soko la Waswahili lina faida. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya lugha ya Kiswahili kwa Windows XP na Office 2003, na ni vigumu kutouona ushindani kama sehemu ya msukumo wake. Lakini kuenea kwa Jambo OpenOffice kulikwamishwa na jambo ambalo wapangaji wa miradi ya namna hiyo huko Ulaya hawakulizingatia vya kutosha. Hoja ya kwamba programu huria haina gharama ilipungua nguvu katika miji ambamo nakala za Office zisizo na leseni zilipatikana kwa bei ya diski tupu, ambamo kompyuta zilizotumika zilifika zikiwa na programu tayari, na ambamo vyuo vya kompyuta vya mitaani viliwafundisha vijana Word na Excel kwa sababu waajiri waliuliza Word na Excel. Nakala hizo za magendo ziliinyima Microsoft mapato, lakini zilimjengea kila karani mazoea ambayo baadaye yalikuwa hazina kwa kampuni hiyo.

Mgogoro wa umbizo ulifikia kilele chake kuanzia mwaka 2005, pale serikali ya jimbo la Massachusetts nchini Marekani ilipotangaza mwezi Septemba kwamba nyaraka zake zingehifadhiwa kwa maumbizo ya wazi, likiwamo ODF. Mabishano ya kisiasa yaliyofuata yalikuwa makali, na Peter Quinn, aliyekuwa msimamizi wa teknolojia ya habari wa jimbo hilo, akajiuzulu. Mwaka 2006 ODF ilikubaliwa na Shirika la Kimataifa la Viwango kwa nambari 26300. Microsoft ilipeleka umbizo lake jipya, lililojulikana kama OOXML, katika shirika lilelile, likiwa na maelezo yaliyozidi kurasa 6,000. Kura ya Septemba 2007 ililikataa, mkutano wa marekebisho ulifanyika Geneva Februari 2008, kura ya pili ikalipitisha, na rufaa za Afrika Kusini, Brazili, India na Venezuela hazikufaulu. Wakosoaji wengi waliona kupitishwa huko kuwa kushindwa kwa watetezi wa viwango vya wazi, na kwa upande wa taratibu walikuwa na hoja nzito. Hata hivyo katika mapambano hayohayo Microsoft ilichapisha, mwaka 2008, maelezo ya maumbizo yake ya zamani, na mwaka 2009 ikaiwezesha Office 2007 kufungua na kuhifadhi faili za ODF. Hakuna mahali ambapo OpenOffice, pamoja na uchache wa watumiaji wake, iliacha alama kubwa kuliko hapo.

Jaribio la kuhamia programu huria lililotazamwa na wengi zaidi lilikuwa la jiji la Munich, Ujerumani. Jiji hilo lilikuwa na kompyuta zipatazo 14,000 zilizotumia Windows NT, ambayo muda wake wa kuhudumiwa ulikuwa ukielekea ukingoni, na mwezi Mei 2003 baraza la jiji likaamua kuhamia Linux na OpenOffice, licha ya Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft, kukatiza likizo yake ya Uswisi ili kumwona Meya Christian Ude. Tathmini iliyofanywa kabla ya uamuzi haikuonyesha kwamba Linux ingekuwa rahisi zaidi kwa gharama. Kilicholivuta baraza ni nia ya kuwa huru na maamuzi ya muuzaji mmoja. Mradi uliitwa LiMux, na ulikwenda polepole, kwa sababu kila idara ilikuwa na wataalamu wake, violezo vyake vya barua na makro zake, yaani vijiprogramu vidogo vinavyoandikwa ndani ya nyaraka ili kurahisisha kazi za kujirudia. Kabla ya kubadili programu ilibidi kwanza kuhesabu na kupanga upya vitu ambavyo hakuna aliyekuwa na orodha yake. Wahandisi wa jiji waliandika WollMux, nyongeza ya OpenOffice inayounganisha violezo vyote mahali pamoja, nao wakaitoa kama programu huria. Uhamisho ulikamilika mwaka 2013, kompyuta karibu 15,000 zikiwa zinatumia LiMux.

Mwaka 2014 Dieter Reiter alishika umeya, na mwaka 2017 baraza likapiga kura ya kurejea Windows. Malalamiko ya watumishi yalitajwa sana, na baadhi yake yalikuwa ya kweli, lakini mkuu wa huduma za teknolojia za jiji alisema hadharani kwamba hakuona sababu kubwa ya kiufundi ya kurudi nyuma. Muundo wa wataalamu waliotawanyika katika idara, ambao ungechelewesha kazi chini ya mfumo wowote, ulibeba lawama ndogo kuliko ilivyostahili. Mwaka 2020 muungano mpya wa vyama ulioongoza jiji hilohilo ulikubaliana tena kutumia programu huria kila inapowezekana.

Wakati Munich ikiendelea na uhamisho, mradi wenyewe wa OpenOffice ulipasuka. Kampuni ya Oracle ilikamilisha ununuzi wa Sun mnamo Januari 2010, na wachangiaji wa OpenOffice, wakiwa na hofu kwamba mmiliki mpya hangekuwa na moyo wa kuutunza, walianzisha The Document Foundation tarehe 28 Septemba mwaka huo na kuuendeleza msimbo uleule kwa jina la LibreOffice. Leseni iliwaruhusu kufanya hivyo bila kuomba idhini ya Oracle, jambo lisilowezekana kwa wafanyakazi wa kampuni ya kawaida inaponunuliwa. Toleo la kwanza lilitoka Januari 2011, matoleo makuu ya Linux yakalichukua badala ya OpenOffice, na mwezi Juni Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa Apache Software Foundation, ambako maendeleo yake yamekuwa hafifu.

Tangu hapo uwanja wa ushindani umehama. Google ilianza kutoa huduma ya kuandikia nyaraka ndani ya kivinjari mwaka 2006, Microsoft ikafuata na Office 365 mwaka 2011, na waraka uliokuwa faili kwenye kompyuta ya mwandishi ukawa rekodi ndani ya seva za kampuni, mara nyingi katika nchi nyingine yenye sheria nyingine. Uingereza ilichagua ODF mwaka 2014 kuwa umbizo la nyaraka za serikali zinazohaririwa na watu wengi. Mnamo Aprili 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, lilitangaza kuhamishia LibreOffice kompyuta 30,000 za watumishi wake, na katika tangazo hilo suala la bei lilifuata nyuma ya suala la nani anayetawala data za raia. Mpango huo unahusu pia barua pepe, kalenda na hatimaye mfumo endeshi wenyewe, na sehemu yake ngumu ni ileile iliyoisumbua Munich: programu maalumu za idara, ambazo ziliandikwa zikitegemea Word na Excel na ambazo lazima zirekebishwe mojamoja.