Stashahada ya Uuguzi na "Shahada ya Washirika"

Marekani mtu anaweza kuwa muuguzi kwa kusoma miaka miwili hivi katika chuo cha jamii, na tuzo anayotoka nayo huitwa associate degree. Ukiifasiri neno kwa neno unapata "shahada ya washirika". Msomaji wa Kwamsisi, awe wa ile ya Handeni au ya Korogwe, atauliza ni washirika gani hao: wa kanisani au wa chama cha mkonge?

Hata hivyo, neno "washirika" linachekesha tu. Linalopotosha ni "shahada". Kwa Mtanzania shahada ni tuzo ya chuo kikuu, na ya uuguzi husomwa miaka minne. Mzazi akiambiwa mwanawe aliyeko ughaibuni ana shahada ya uuguzi, atamweka kwenye ngazi ambayo mwana huyo hajaifikia.

Neno linalofaa tunalo: stashahada. Katika Tuzo za Taifa za Ufundi, ambazo wanafunzi wanazijua kwa herufi NTA, ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, ya 7 ni stashahada ya juu, na ya 8 ndiyo shahada. Msimamizi wake ni NACTVET, baraza lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 likiitwa NACTE.

Asili ya tuzo ya Kimarekani nayo inaelekea huko huko. Mwaka 1951 Mildred Montag, mwalimu wa wauguzi aliyesoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichapisha kitabu kuhusu mafunzo ya muuguzi wa aina mpya. Baada ya Vita Kuu ya Pili wauguzi walikuwa haba, naye akapendekeza mtaalamu wa kati, anayefundishwa kwa miaka miwili chuoni badala ya kufanyishwa kazi ya hospitali kwa jina la mafunzo. Jina alilompa lilikuwa na maana ya fundi sanifu wa uuguzi. Majaribio yalianza mwaka 1952 katika vyuo vichache. Basi yeye na waliobuni NTA, bila kukaa meza moja, walimweka muuguzi wa ngazi hii upande wa ufundi.

Kwetu safari ni ya miaka mitatu. Kijana wa Kwamsisi aliyemaliza kidato cha nne hudaiwa ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Wa Kwamsisi ya Korogwe hana haja ya kwenda mbali: Korogwe mjini kuna chuo cha uuguzi cha serikali. Mwaka wa kwanza humpa ngazi ya 4, wa pili ya 5, wa tatu ya 6. Darasani husoma anatomia, dawa, na kinga dhidi ya maambukizi; wodini hujifunza kupima presha, kutundika dripu, kusafisha vidonda, na kufuatilia uchungu wa mama kwa chati iitwayo patografu hadi mtoto azaliwe.

Hilo la mwisho ndilo linalozitenga tuzo hizi mbili. Jina kamili la kozi ya Tanzania ni Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, na "ukunga" hapo si pambo. Katika zahanati ya kijijini yule yule anayechoma sindano na kuendesha kliniki ya watoto ndiye anayegongewa mlango usiku mama akishikwa na uchungu. Marekani mwenye tuzo ya miaka miwili hawi mkunga kwa tuzo hiyo. Muuguzi anayetaka ukunga husoma hadi ngazi ya uzamili. Kwa hiyo anayetafsiri cheti cha Marekani aandike "Stashahada ya Uuguzi" na aishie hapo. Akiongeza "na Ukunga" kwa mazoea, amempa mtu ujuzi asiofundishwa.

Tofauti ya pili iko kazini. Marekani, wa miaka miwili na wa shahada hufanya mtihani mmoja wa leseni na hubeba cheo kimoja cha muuguzi aliyesajiliwa. Serikali ya Tanzania huwatenganisha tangu tangazo la ajira: mwenye astashahada ni Muuguzi, mwenye stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye shahada ni Afisa Muuguzi. Wote huhitaji idhini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010. Ukitaka kuona ile dhana ya "mshirika" imeangukia wapi kwetu, itazame kwenye hilo neno "msaidizi": limekaa kwenye cheo, halimo kwenye cheti.

Kenya nako ngazi hii huitwa stashahada, ingawa mitaani wengi husema diploma, na wanafunzi wa KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha huko, huisomea miaka mitatu. Neno basi linavuka mpaka bila taabu. Cheti chenyewe ndicho kisichovuka kwa tafsiri peke yake: aliyesoma nje akitaka kuajiriwa Tanzania, tafsiri itamwambia mwajiri ngazi, lakini kinachompa ruhusa ya kumgusa mgonjwa ni usajili na leseni ya Baraza.