Machweo ya Jangwani: Kutia Chumvi na Kusema Uongo

Tukiona kwenye simu picha ya machweo ya jangwani, anga jekundu kama kaa la moto, wengi wetu husema mara moja, "Hiyo imehaririwa." Tunasema hivyo kana kwamba tumeshaitia hatiani. Historia ya upigaji picha inaonyesha kwamba hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Tuanze na picha isiyo na rangi kabisa. Jioni moja, Mmarekani Ansel Adams alikuwa akisafiri kwa gari katika nchi kame ya kaskazini mwa New Mexico. Alipofika kijiji cha Hernandez, aliona mwezi umepanda juu ya milima, huku jua lililokaribia kuzama likimulika misalaba ya makaburini. Alisimamisha gari, akatega kamera yake kubwa, lakini kipima mwanga hakikuonekana. Kwa kuwa aliujua mwangaza wa mwezi, alipiga hesabu kichwani na kufyatua. Kabla hajapiga picha ya pili, mwanga ulikuwa umeshaondoka kwenye misalaba.

Kazi haikuishia hapo. Filamu ilikuwa ngumu kuchapisha kwa sababu sehemu ya ardhi ilikuwa hafifu. Mwaka 1948 Adams aliitia dawa sehemu hiyo ili kuiongezea nguvu. Katika chumba cha giza aliiangazia karatasi kwa muda mrefu zaidi upande wa anga, na anga likawa jeusi zaidi. Nakala za mwanzo zinaonyesha mawingu mepesi juu ya mwezi. Katika nakala za baadaye anga hilo ni jeusi karibu lote. Adams, aliyesomea piano ujanani, alifananisha filamu na nota zilizoandikwa, na uchapishaji na kuzipiga nota hizo.

Je, alidanganya? Jibu limo ndani ya picha yenyewe. Adams hakuandika tarehe, na baadaye alitaja miaka tofauti. Mwaka 1991 Dennis di Cicco wa jarida la Sky & Telescope alikokotoa kutokana na mahali mwezi ulipo pichani, akapata kwamba picha ilipigwa tarehe 1 Novemba 1941, saa 10 na dakika 49 jioni. Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu Adams aligusa weusi na weupe tu. Mwezi aliuacha mahali pake.

Tuilinganishe na jalada la National Geographic la Februari 1982, lenye wapanda ngamia mbele ya piramidi za Giza. Picha ilikuwa ya mlalo na jalada ni la wima, hivyo wahariri walitumia kompyuta kuzisogeza piramidi zikaribiane. Wengi walilalamika, na miaka ya baadaye jarida lenyewe lilikiri kosa. Mabadiliko yalikuwa madogo kuliko giza la Adams, lakini hakuna atakayeweza kupima lolote kwa piramidi zile.

Rangi kali nazo hazikuletwa na simu. Mwaka 1990 ilitoka programu ya Photoshop, na mwaka huohuo Fujifilm ilitoa filamu ya Velvia, iliyopendwa na wapiga picha wa mandhari kwa sababu ilikoleza rangi yenyewe. Aliyepiga machweo kwa Velvia angeweza kuapa kwamba hakuhariri chochote, na bado wekundu wake ungezidi ule alioona kwa macho.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni: kilichobadilishwa ni nini? Kukoleza rangi ni kutia chumvi. Chumvi ikizidi chakula huharibika, lakini bado ni chakula kilekile. Kuhamisha kitu, au kubandika anga la siku nyingine, ni kubadilisha chakula chenyewe. Leo programu nyingi hubadilisha anga zima kwa kugusa mara moja, na mwezi huenda nalo.

Miongoni mwetu wapo wanaolijua jangwa kwa picha walizotumiwa na jamaa tu. Kwao picha hizo ni ushahidi, na kwa watakaokuja baada yetu zitakuwa kumbukumbu. Tukoleze wekundu tupendavyo, lakini vilima, vivuli na mwezi tuviache vilipokuwa.