Siti ya Mbele

Kabla gari halijaondoka, huwa napiga picha vyombo vikishapakiwa. Usidhani ni mapenzi ya sanaa. Miaka kadhaa iliyopita tulirudi kutoka harusini Kibaha, amplifaya ya besi haikuonekana, na mwenye vyombo akatukata wote saba, kidogo kidogo, mpaka ikalipwa. Tangu siku hiyo kila safari ina picha mbili kwenye simu yangu, ya kwenda na ya kurudi. Spika chini, ngoma juu yake, magitaa yamelazwa kwenye siti kama wagonjwa, na sisi tunajibana palipobaki. Nikizipitia naona mengi kuliko kwenye picha zetu za jukwaani. Naona mwaka tulioacha kubeba tarumbeta kwa sababu mpigaji alihama. Naona Hiace ya kwanza, ile iliyokuwa na mlango wa kufunga kwa kamba.

Neno "mwenye vyombo" lina historia yake. Bendi za mwanzo, kama Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932 na Morogoro Jazz ya mwaka 1944, zilianza zaidi kama klabu za watu wa mjini waliopenda muziki wakiwa na kazi zao nyingine. Mambo yaligeuka baada ya uhuru. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, na mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara. Jeshi, polisi na mashirika ya umma nao wakawa na bendi zao. Wazee waliopita huko wanakumbuka kwa hamu kwamba mwisho wa mwezi ulikuwa na maana. Lakini gitaa lilikuwa la mwajiri, na gari vilevile. Ukihama, unatoka na vidole vyako tu.

Ndiyo maana gari likawa ndoto kubwa ya mwanamuziki, pengine kuliko nyumba. Hapa siwezi kumwacha Franco wa Kinshasa. Mwaka 1958, akiwa kijana ambaye tayari ana jina, alifungwa kwa kosa la barabarani. Miaka 15 baadaye, mwaka 1973, alitoa "Azda", wimbo wa kuitangaza kampuni iliyouza Volkswagen nchini Zaire. Ni tangazo la biashara tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeupiga harusini mara nyingi, na sijawahi kumwona mtu akikaa chini kwa sababu ni tangazo. Magitaa yanapoanza kujibizana, hata mama mkwe anavua viatu.

Huyo huyo Franco alikuwa na mpiga picha wake, Jean Depara, mzaliwa wa Angola, ambaye alianza kumfuata na kamera mwaka 1954. Depara alikuwa mtu wa usiku. Alipiga picha kwenye mabaa na kumbi za dansi, na kwa kupitia kwake tunaijua sura ya mji ule ulipokuwa unajifunza kutamba: suti, sigara, vicheko, wanawake wanaoitazama kamera bila aibu. Nazipenda sana picha hizo. Ila kila nikizitazama najiuliza nani alibeba spika, na walirudije nyumbani.

Swali hilo nilirithi. Nilipoingia kwenye bendi, mzee wetu wa saksofoni alinipa sheria moja kabla hajaniuliza kama najua kupiga. Alisema mpiga besi anakaa siti ya mbele, na kazi yake ni kumwongelesha dereva. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Mdogo wangu, Mbaraka alikufa barabarani."

Mbaraka Mwinshehe namfahamu, nani asiyemfahamu? Alikuwa solo wa Morogoro Jazz, alipiga kwenye maonesho ya Osaka kule Japani mwaka 1970, na mwaka 1973 akaondoka kwenda kuunda Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Nilikuwa nikiyajua hayo kama tarehe za mtihani. Sikuwahi kuyafikiria nikiwa ndani ya gari, saa kumi usiku, baada ya kupiga saa sita mfululizo, watu sita nyuma yangu wamelala midomo wazi na dereva anafuta macho kwa kiganja.

Hapo ndipo picha za jukwaani zinapotudanganya. Kwenye picha zote za Mbaraka nilizoziona ameshika gitaa, na ukimtazama hivyo unaweza kudhani maisha yake yalikuwa hilo gitaa. Mimi naishi kazi hii na najua hesabu yake. Jukwaani ni saa chache, zilizobaki ni barabara. Ukubwa wa gari ndio unaoamua kama tutakwenda na tarumbeta mbili au tutakwenda bila. Bei ya mafuta inaamua kama tutalala Morogoro au tutarudi usiku huohuo. Mara nyingi tunarudi.

Juzi tulirudi. Tulipita Chalinze malori yakiwa yamejipanga pembeni, nikamnunulia dereva kahawa na kashata. Dereva wetu ni Yanga, mimi Simba, na hilo peke yake linatosha kilomita arobaini. Mabishano yalipopoa nikamuuliza habari za mwanawe aliyeanza kidato cha kwanza. Alipoanza kujibu kwa neno mojamoja nikamwambia, "Kaka, weka pembeni." Akabisha. Nikamwambia tena, safari hii bila utani.

Alilala dakika arobaini, kichwa kwenye usukani. Nyuma hakuna aliyejua kwamba tumesimama. Nikashuka, nikapiga picha moja: Hiace, taa zimezimwa, spika zinaonekana kwenye kioo cha nyuma, mbingu inaanza kupata rangi. Mwenye vyombo alikuwa ameshatuma ujumbe mara mbili kuuliza tumefika wapi. Nikamtumia hiyo picha.

Akajibu, "Mbona siioni amplifaya?"