Swali la Mpemba mezani kwa mkemia wa Dallas

Mwanza ni mji unaotegemea barafu. Tangu viwanda vya minofu ya sangara vilipoenea ufukweni miaka ya 1990, mashua za kukusanya samaki kutoka visiwa vya Ukerewe na Ukara hubeba barafu kabla ya kubeba samaki. Majumbani nako, mama anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu huchemsha mchanganyiko wake, hutia sukari, huuacha upoe, ndipo hufungua friza. Husubiri kwa sababu kila mtu anajua kwamba kitu cha moto kitachelewa kuganda. Mwaka 1963, upande wa pili wa nchi, kijana mmoja hakusubiri.

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu ya maziwa, na nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja, kwa kuwahi, aliweka maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba akaona akingoja yake yapoe atakosa pa kuyaweka, akayatia yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni majimaji mazito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia sababu, aliambiwa amechanganya mambo. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga alimweleza kwamba wao huko huweka mchanganyiko ukiwa wa moto, ili ugande haraka. Kumbe wauzaji walikuwa wanajua.

Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na safari hii darasa zima lilimcheka. Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba alisimama akamuuliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, ukaviweka ndani ya friza, kwa nini cha nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake walicheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe maabara, na matokeo yakamuunga mkono kijana. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la Uingereza, *Physics Education*. Aristotle, Bacon na Descartes walikuwa wamewahi kuandika jambo la namna hiyo karne nyingi nyuma, lakini jina lililobaki ni la mwanafunzi wa Magamba. Yeye mwenyewe alisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, akafanya kazi ya serikali katika fani hiyo.

Wanafizikia walitoa maelezo mengi. Wengine walisema maji ya moto hupungua kwa kuvukiza, kwa hiyo yanayobaki kuganda ni machache. Wengine walitaja mzunguko wa maji ndani ya chombo, au gesi zinazotoka maji yanapochemka, au chombo cha moto kuyeyusha utando wa barafu chini yake na kugusana vizuri na ubaridi. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora. Yalikuja majibu zaidi ya 22,000 kutoka pande zote za dunia. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Zagreb, lakini ubishi haukwisha.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kupiga hesabu za molekuli. Dieter Cremer alizaliwa Ujerumani mwaka 1944, akasomea kemia Cologne, kisha akavuka Atlantiki kwenda Pittsburgh kufanya kazi na John Pople, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998 pamoja na Walter Kohn. Mwaka 1975 Cremer na Pople walitoa njia ya kueleza kwa namba jinsi pete za atomu zinavyojikunja, na wanaochunguza molekuli za sukari wanaitumia hadi leo. Alirudi Cologne, akahamia Göteborg, Sweden, na kuanzia mwaka 2009 alikuwa Dallas, Texas, katika Chuo Kikuu cha Southern Methodist, akiendesha kundi la utafiti pamoja na Elfi Kraka.

Kazi ya mkemia wa namna hii haihitaji chupa wala moto. Sheria za kwanta, tangu mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926, hueleza jinsi elektroni zinavyokaa kuzunguka kiini cha atomu. Tatizo ni kwamba mlinganyo huo hautatuliki kikamilifu mara elektroni zinapokuwa nyingi. Molekuli moja tu ya maji ina elektroni 10, na molekuli 50 zina elektroni 500 zinazosukumana zote kwa wakati mmoja. Mchango mkubwa wa Kohn, mwaka 1964, ulikuwa kuonyesha kwamba si lazima kuifuatilia kila elektroni: ukijua msongamano wa elektroni katika kila nukta, umejua nishati ya mfumo mzima. Kompyuta hufanya yaliyobaki.

Katika maji, kinachoamua mambo ni kifungo cha haidrojeni, yaani ule mvuto kati ya haidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya jirani yake. Ndicho kinachofanya maji yahitaji joto jingi ili yavukize, na jua linalolipiga Ziwa Victoria hufanya kazi hiyo ya kukata vifungo kutwa nzima. Sehemu kubwa ya maji yanayoondoka katika ziwa hili huondoka kama mvuke, si kwa mto Nile. Lakini vifungo hivyo havilingani nguvu. Akiwa Göteborg, mwaka 1998, Cremer na Zoran Konkoli walibuni njia ya kupima nguvu ya kifungo kimoja kimoja kwa mtetemo wake: kilichokaza hutetema kwa kasi, kama uzi wa zeze uliovutwa, na kilicholegea hutetema polepole.

Njia hiyo ndiyo aliyoipeleka kwenye swali la Mpemba. Pamoja na Yunwen Tao na wenzake watatu, walichunguza mafungu ya molekuli sita na mafungu ya molekuli 50, wakatambua aina 16 za vifungo kati ya 36 zinazowezekana. Vyenye nguvu kuliko vyote vilitokea pale molekuli nne za jirani ziliposhirikiana kusukuma na kuvuta elektroni kuelekea upande mmoja. Kisha wakaigiza kwenye kompyuta molekuli 1,000 katika viwango mbalimbali vya joto. Joto lilipopanda, vifungo dhaifu vilikatika, lakini vile imara viliongezeka. Kwa maelezo yao, maji ya moto huingia kwenye ubaridi yakiwa yamekwisha kuachana na vifungo hafifu, na vile imara vilivyobaki huharakisha kujengeka kwa barafu.

Makala ilitoka mwishoni mwa mwaka 2016. Cremer alifariki Januari 2017.

Nayaheshimu sana maelezo haya, lakini siwezi kusema yamefunga kesi. Tone moja la maji lina molekuli kwa hesabu ya tarakimu 22. Elfu moja ni chache mno. Tena, mwaka huohuo wa 2016, Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakuona ushahidi kwamba maji ya moto hutangulia kufika nyuzi 0. Waligundua kwamba kipimajoto kikikaa sentimita moja tu juu au chini ya mahali pake kinaweza kuzaa matokeo ya uongo. Hata hivyo wao walipima kupoa, si kuganda kwenyewe, na swali la Mpemba lilihusu kuganda.

Wakati huohuo swali limetoka nje ya maji. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walionyesha, kwa chembe ndogo sana iliyoongozwa kwa mwanga wa leza, kwamba kitu cha moto kweli kinaweza kukitangulia cha vuguvugu kufika kwenye ubaridi. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, waliona jambo la jamii hiyo katika ayoni zilizonaswa, kwenye ulimwengu wa kwanta kabisa. Watafiti wote hao wanaliita kwa jina la Mpemba.

Kwa walimu wa sayansi wa Mwanza, Geita, Bukoba na Musoma nina ombi moja. Friza zipo, maji yapo, na kipimajoto si ghali. Wapeni wanafunzi vyombo viwili vinavyolingana, maji yaliyopimwa, vipimajoto vilivyofungwa kwenye kimo kimoja, na daftari la kuandika muda, kisha warudie jaribio mara nyingi. Na atakayekuja na matokeo yanayopingana na kitabu, asikilizwe kwanza.