Jumla Ndogo na Jumla Kuu

Katika pembe ile ya Nairobi yenye jengo la Hazina na Herufi House, ambako Serikali ya Kenya iliiweka idara yake ya kompyuta, mashine hazikununuliwa kwa ajili ya hisabati za kustaajabisha waja. Zilinunuliwa ziandike orodha, mishahara kwa wizara na matumizi kwa idara, kila ukurasa na kichwa chake na kila fungu na jumla yake. Shirika la Reli, lililokuwa na makao yake makuu papo hapo mjini, lilikuwa limetangulia kuzitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na haja yake ilikuwa ni ile ile.

Waliozibuni lugha za kompyuta za biashara walilitambua jambo hilo mapema. Mashine ya IBM 1401, iliyotangazwa mwaka 1959, ilifuatana na RPG, lugha iliyotungwa mahsusi kwa kutengeneza taarifa. Na COBOL, iliyoanza kutungwa mwaka huo huo, ilipata sehemu yake ya taarifa katika toleo lililopanuliwa la 1963. Asili ya RPG si fikira za wanazuoni, bali ni zile mashine za kujumlisha kadi za matundu, ambazo makarani waliziongoza kwa kuchomeka nyaya ubaoni: RPG iliziondoa nyaya, ikaubakisha mwendo, yaani soma kadi, tazama kama fungu limebadilika, jumlisha, chapa, urudie hadi kadi ya mwisho. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, karani aliyezeeka na kadi hakuwa na la kumwonea haya kijana mwenye shahada.

Tutwae mishahara. Kadi hupangwa kwa wizara, kisha kwa idara, kisha kwa nambari ya mtumishi. Mwandishi wa programu ya RPG huchukua fomu ya visanduku, na katika kisanduku cha 6 hutia I kwa mstari wa kadi ziingiazo, C kwa hesabu, O kwa kitakachochapwa; nambari ya idara huipa alama L1, na ya wizara L2. Hakuna mahali anapoiamuru mashine ilinganishe idara hii na iliyotangulia. Idara ibadilikapo, L1 huwaka yenyewe, jumla ya shilingi na senti ikachapwa, na herufi moja tu, B, ikairudisha hesabu kwenye sufuri. Wizara ibadilikapo, L2 huwaka na kuiwasha L1 pamoja nayo, maana wizara haifungwi ilhali idara i wazi. Katika COBOL kitenzi kimoja, GENERATE, huyabeba yote hayo, vichwa na kurasa pamoja.

Lakini mashine haiijui idara. Inajua badiliko tu. Kadi moja ya idara ya 12 ikitumbukia katikati ya kadi za idara ya 15, idara ya 15 hukatwa vipande viwili, kila kipande na jumla yake, na baina yao huchomoza idara ya 12 kwa mara ya pili, yenye mtumishi mmoja. Na juu ya hayo jumla kuu ni sahihi hadi senti ya mwisho. Mkaguzi atazamaye ukurasa wa mwisho peke yake hutia sahihi kwa moyo mkunjufu. RPG ilikuwa na mlinzi wake, alama M1, iliyoisimamisha kazi kadi zikipotoka mpangilio, ila ulinzi huo ulikuwa wa hiari.

Kanuni za COBOL za mwaka 1985 ziliifanya sehemu ya taarifa kuwa ya hiari, na zile za 2002 zikairejeshea hadhi yake. Lakini kufikia hapo kompyuta za mezani zilikuwa zimekwisha kuenea maafisini, na mkuu wa idara aliweza kujipangia safu zake mwenyewe bila kungoja zamu ya mashine kubwa. RPG iliendelea kuishi katika AS/400 ya mwaka 1988, ingawa wenye kuiandika waliuacha mwendo wake wa kale kidogo kidogo, wakawa wanauandika kwa mikono yao, mstari kwa mstari, ulinganisho ule ambao L1 iliufanya bila kuulizwa.