Maigizo ya papo kwa papo ya Katanga

Maigizo ya papo kwa papo ya Katanga ni sanaa ya vichekesho inayochezwa bila maandishi katika miji ya shaba ya kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Lugha yake ni Kiswahili cha Katanga kilichochanganyika na Kifaransa. Waigizaji hupatana juu ya kisa, hugawana nafasi, kisha maneno yenyewe huzaliwa jukwaani, mbele ya watu wasioona aibu kudakia. Kundi lililopata umaarufu mkubwa kuliko yote ni Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lenye jina la mhusika aliyechezwa na kiongozi wake, Kyembe Kaswili. Michezo yake ya redio na televisheni ilifuatwa na watu wa jimbo la Katanga kwa miaka mingi.

Mfano mmoja wa miji hiyo ni Likasi, iliyoko kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120 hivi. Hadi mwaka 1966 iliitwa Jadotville, kwa jina la mhandisi Mbelgiji Jean Jadot. Kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, na mji ukakua ukikizunguka. Wafanyakazi walitoka kwa Waluba, Wabemba, Walunda, watu wa Kasai na hata ng'ambo ya mipaka, wakakutana katika Kiswahili ambacho kwa wengi wao hakikuwa lugha ya nyumbani. Watoto wao ndio waliokifanya kuwa cha nyumbani.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwataka wafanyakazi wakae na wake zao katika kambi za kampuni badala ya kuja kwa mkataba mfupi na kurudi kijijini. Posho ya chakula ilihesabiwa kwa mke na watoto, kampuni na wamisheni wakasimamia shule, vilabu na vituo vya kuwafunza wanawake kazi za nyumbani. Kwa hiyo ndoa ya kambini ilikuwa jambo la watu wengi: bwana wa kampuni aliihesabu, padri aliitazama, na majirani waliisikiliza kupitia ukuta. Nani amekula mshahara, nani ana mwanamke wa pili upande wa pili wa mji, mkwe gani amekuja kutembea na haondoki: vichekesho vya Katanga vimechota humo tangu mwanzo, na sioni ajabu kwamba wanawake ndio mhimili wake.

Namna michezo hii inavyotengenezwa inajulikana vizuri kwa sababu ya tukio la mwaka 1986. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa amefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, alikuwa amekaribishwa chakula mjini humo. Kuku alipoletwa, mazungumzo yakaangukia firigisi, kipande ambacho hakigawanywi, na ikatamkwa methali kwamba madaraka huliwa yakiwa mazima. Fabian akawauliza rafiki zake wa Kundi la Mufwankolo maana yake. Badala ya kumjibu kwa maelezo, waliamua kuifanya mchezo.

Kazi ilianza kwa mazungumzo. Waigizaji waliketi wakabishana juu ya methali yenyewe: mkubwa akigawa madaraka yake, je, anabaki mkubwa? Kisha wakapanga maonyesho, wakagawana nafasi za chifu, wazee wake na wanakijiji, wakafanya mazoezi. Hakuna aliyepewa karatasi ya maneno. Kila zoezi lilizaa maneno yake, mengine yakabaki, mengine yakatupwa. Mwishowe mchezo ulichezwa na kupigwa picha za televisheni katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, wanakijiji wakiwa ndani ya mchezo na si watazamaji tu. Wakati huo nchi iliitwa Zaire, jimbo likiitwa Shaba, na Rais Mobutu alikuwa ametawala miaka zaidi ya 20 bila kumgawia mtu firigisi. Fabian alichapisha habari za mchezo huo mwaka 1990 katika kitabu *Power and Performance*. Kabla yake, mwaka 1981, Walter Schicho na Mbayabo Ndala walikuwa wametoa huko Vienna kitabu juu ya kundi hilohilo.

Vitabu hivyo viwili vina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kiswahili cha Katanga hakifundishwi shuleni kama lugha ya kuandikia. Vitabu vya dini na vya darasani vilifuata Kiswahili kingine, cha mashariki. Mtu anayetafuta fasihi ya Kiswahili cha Likasi na Lubumbashi ataipata kwanza katika maigizo haya, na sehemu iliyoandikwa ni ndogo sana ukilinganisha na iliyosikika mara moja ikapita.

Kisa chepesi kuliko vyote, na ambacho naona kinapima ustadi kuliko vyote, ni cha wanawake wawili peke yao. Mfano huu umetungwa ili kueleza kazi inavyokwenda. Mmoja ameketi na beseni la sombe, yaani majani ya muhogo, mwingine amekuja kununua. Walichopatana ni jambo moja tu: muuzaji anamfahamu mume wa mnunuzi. Wanaanza na bei, na bei inachukua muda, maana hadhira inapenda kuona mtu akikataliwa punguzo. Muuzaji anafunga majani, anaongeza pilipili mbili bila kuombwa, anasema, «Yaya, bwana yako anapendaka pilipili.» Mnunuzi ananyamaza. Hapo ukumbi umekwisha kuelewa, na sauti kutoka nyuma inamhimiza asilipe. Sasa waigizaji wawili wana mwenzao wa tatu ambaye hawakumpanga. Mnunuzi anaweza kugeuka na kumuuliza mtu huyo naye ameijuaje habari hiyo. Muuzaji anaweza kumwomba awe shahidi. Ila hawawezi kujifanya hawakusikia, kwa kuwa mchezo utakufa palepale.

Ugumu wa uigizaji wa wawili ni kwamba hakuna pa kujificha. Kundi la watu kumi likikosa maneno, mmoja huingia mbio na habari za msiba au za polisi. Wawili wanategemea kusikilizana tu: kila neno la mmoja ni lazima lipokelewe na mwingine kama kweli, kisha liongezewe. Muuzaji alipotamka «yaya», yaani dada mkubwa, amejifanya mdogo wa mnunuzi, lakini mke mdogo naye huweza kumwita mke mkubwa hivyo. Mnunuzi mzuri hulidaka neno hilo. Asiye mzuri huendelea kubishania bei.

Sanaa hii ina ndugu mbali. Huko Italia, katika karne ya 16, wachezaji wa commedia dell'arte walibuni maneno juu ya kisa walichopatana, na wanawake kama Isabella Andreini walipata humo jina lao. Katika vichekesho vya concert party vya Ghana wanaume walicheza nafasi za wanawake kwa miaka mingi. Dar es Salaam, vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre vilichanganya vichekesho vya kubuni na taarabu, ngoma na sarakasi katika onyesho moja. Huko Chicago, ukumbi wa Second City ulifunguliwa mwaka 1959 juu ya msingi wa michezo ya mafunzo ya Viola Spolin, aliyekuwa ameitumia kwanza kwa watoto. Naye Mbrazili Augusto Boal alimruhusu mtazamaji apande jukwaani ashike nafasi ya mwigizaji; njia ya namna hiyo imetumiwa na shirika la Search for Common Ground mashariki mwa Kongo kuzungumzia vita na dhuluma dhidi ya wanawake. Tofauti ni kwamba Katanga mtazamaji hakungoja kuruhusiwa.

Maisha yaliyolisha vichekesho hivi yalivunjika baada ya mwaka 1990. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilizalisha tani 476,000 hivi za shaba mwaka 1986. Kufikia mwaka 1994 ilikuwa imeshuka hadi tani 30,000 na kidogo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo, na maelfu yao wakalala kwenye stesheni ya reli ya Likasi wakisubiri treni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Katika nyumba nyingi bukari, yaani ugali, ilianza kutoka kwenye beseni la mama sokoni, si kwenye posho ya baba, na mwigizaji anayemcheza muuza sombe leo anacheza mtu mwenye fedha za nyumba mkononi.