Mpishi Asiye wa Ukoo

Desemba 2025 UNESCO iliyaingiza mapishi ya Italia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Yakitajwa mapishi hayo, wengi wetu tunamwona bibi mwenye aproni, unga umetapakaa mezani, wajukuu wamemzunguka. Picha nzuri, ila kuna mtu amekatwa pembeni: mtumishi wa nyumba.

Kitabu ambacho familia nyingi za Kiitalia hukitunza jikoni kama msahafu ni La scienza in cucina e l'arte di mangiar bene cha Pellegrino Artusi, mfanyabiashara mstaafu asiye na mke. Alikichapisha Firenze mwaka 1891 kwa fedha zake, kikiwa na mapishi 475. Wasomaji wakaanza kumletea barua, huyu anakosoa, yule anaongeza la kwao, hata mapishi yakafika 790. Waliohangaika naye motoni ni Francesco Ruffilli, mpishi wake, na Marietta Sabatini, mtumishi wake kutoka Toscana. Artusi hakuwa mchoyo wa shukrani: keki moja aliiita Panettone Marietta, na alipofariki mwaka 1911 akawaachia wote wawili haki za kitabu. Kwa hiyo kapera na watumishi wawili ndio walioifundisha Italia kupika kama mama.

Kigali, Rwanda, nako, katika nyumba nyingi za wenye mishahara, anayeinjika chungu ni dada wa kazi au boi aliyetoka kijijini akiwa bado kijana mdogo. Mtazame akipika isombe. Majani ya muhogo yametwangwa kinuni mpaka yakalainika. Anayachemsha muda mrefu ili sumu iliyomo itoke, ndipo yafuate mawese, vitunguu na bilinganya. Karanga zilizosagwa zinangoja mwisho, maana zikiwahi kuingia chungu kitashika chini. Kipimo hana. Anaonja, anaangalia mafuta yanavyopanda juu, anapunguza makaa. Mtoto wa mwenye nyumba amesimama mlangoni akitazama, na huo ndio urithi wake.

Zinapoachana mila hizi mbili ni mezani. Mwitalia hujivunia chakula cha mchana cha Jumapili, watu wamekaa saa nzima wanabishana juu ya mchuzi. Mnyarwanda wa zamani aliona ni aibu mtu mzima kula mbele za watu. Kilichostahili hadhara ni kinywaji, pombe au maziwa, na chakula kilikuwa siri ya ndani. Upishi usiotazamwa hauandikiwi barua. Ulikaa kwa walioingia jikoni tu.

Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Hapa nasita kulinganisha. Vita na uhamiaji viliwatawanya Waitalia, lakini aliyefika Marekani aliweza kumwandikia mama yake kumuuliza. Rwanda wapo watoto waliobaki bila hata mtu mzima mmoja wa kuuliza. Wakimbizi waliorejea kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania nao walikuja na mazoea ya jiko la ugenini, na mtaa kama Nyamirambo, wenye Kiswahili chake na pilau yake, ukawa mahali pa kujifunza kwa jirani kile ambacho angekufundisha shangazi.

Nyamirambo huko huko, mwaka 2007, wanawake 18 walianzisha Nyamirambo Women's Center, ambako mgeni hufundishwa kupika chakula cha nyumbani. Mwaka huo huo Forlimpopoli, alikozaliwa Artusi, ilifunguliwa Casa Artusi, na wanawake wanaofundisha pale kukanda pasta na mkate wa piadina wanaitwa Mariette. Wangeweza kujiita kwa jina la Artusi mwenyewe. Wamechagua la mtumishi. Naona ni haki, hata kama imechelewa.

Boi wa Kigali sijaona sahani inayobeba jina lake. Akishaweka akiba kidogo huondoka, akaendesha pikipiki au kufungua kibanda. Nyumba inatafuta mwingine, na isombe inabadilika, karanga zimezidi, mawese yamepungua. Watoto watanuna siku mbili tatu, kisha wataizoea, na wakikua wataiita isombe ya kwetu.